Altezza mbili, giaboksi mbili: namna ya kuchagua gari la spoti lililotumika

Mtoto wa mama mdogo alinipigia simu Jumamosi asubuhi. "Kaka shikamoo. Nimepata Toyota Altezza mbili, bei zinakaribiana, moja manyuali, moja oto. Nichukue ipi?"

Nikamuuliza zina injini gani. Hakujua. Nikamwambia asitoe hata shilingi ya kishika uchumba mpaka nifike.

Watu wengi swali hili hulianzia miguuni: nani anaweza klachi, nani hawezi. Mimi hulianzia chini ya boneti. Kazi ya giaboksi ni kuiweka injini kwenye raundi (mizunguko kwa dakika) inazozipenda, na kila injini ina raundi zake. Ukijua injini yako inataka nini, nusu ya uamuzi umeshafanyika kabla hujashika usukani.

Chukua hizo Altezza. Kwa macho ni gari moja, lakini RS200 ina injini ya 3S-GE, lita 2, silinda 4. Ya manyuali ina gia 6 na inatoa farasi 210 kwenye raundi 7,600. Mvuto wake mkubwa (torque) nao unakuja juu, raundi 6,400. Maana yake ukiendesha kwenye raundi 3,000 unaendesha gari la kawaida kabisa. Gari ulilolilipia linaamka baadaye. Injini ya namna hii inataka gia nyingi zilizokaribiana, ili ukibadilisha kutoka ya pili kwenda ya tatu mshale wa raundi usianguke bondeni. RS200 ya oto ina gia 5, na Toyota wenyewe waliishusha mpaka farasi 200. Siyo gari baya. Ila ukiniambia umechagua RS200 kwa sababu ya ile injini, halafu ukachukua oto, nitakuuliza umechagua nini hasa.

AS200 ni habari nyingine. Ina 1G-FE, silinda 6 za mstari mmoja, farasi 160, na mvuto wake mkubwa unafika kwenye raundi 4,400. Ni injini tulivu, inavuta taratibu kutoka chini. Oto yake ya gia 4 inaendana nayo vizuri, haiibii kitu kikubwa. Hapo manyuali ni raha ya dereva tu, na raha ni sababu halali, lakini siyo lazima.

Kipimo hicho hicho kinafaa kwa magari mengine. Mazda RX-8 za mwanzo, za 2003, zilitoka na farasi 250 kwa manyuali ya gia 6 na 210 kwa oto ya gia 4. Tofauti ya farasi 40 siyo ya kufumbia macho. Kwa RX-8 hizo sina mjadala, ni manyuali au uiache. Subaru Impreza WRX ya GDA, ile ya 2000 hadi 2007, ina tabo na farasi 250. Manyuali ina gia 5, oto ina gia 4. Tabo inasaidia oto, kwa sababu ukiendelea kukanyaga mafuta wakati gia inabadilika, upepo haukatiki. Lakini gia 4 zina mapengo, na ukitoka kwenye kona ukiwa kwenye gia isiyofaa utasubiri. Ile giaboksi ya manyuali ya gia 5 nayo ina ugonjwa wake, nitaueleza chini.

Na hapa nikuonye jambo moja. STI, yaani WRX kali zaidi, ya GDB (kizazi hicho hicho cha GDA) ilitoka na manyuali ya gia 6 peke yake. STI ya oto kutoka kiwandani ilikuja baadaye, mwaka 2009, ikiitwa A-Line, na hiyo ni umbo jingine kabisa. Kwa hiyo mtu akikuuzia "STI oto ya 2005", anakuuzia WRX iliyobandikwa nembo, au gari lililobadilishwa giaboksi. Ondoka hapo mapema.

Barabara yako ya kila siku

Mimi nina RS200 manyuali, namba C. Nakaa Mbezi, kazi yangu iko Posta. Kuna asubuhi nakanyaga klachi kutoka Kimara mpaka Magomeni bila kuingia gia ya tatu. Goti la kushoto linajua. Nalivumilia kwa sababu kila baada ya miezi miwili nakwenda Iringa kumwona mama, na pale kwenye mlima wa Kitonga gari linanilipa deni lote. Kupanda, naingia ya tatu au ya pili kabla ya kona, nikiona nafasi ya kulipita lori sisubiri giaboksi ifikirie. Kushuka, gia ya pili inalishika gari lenyewe na breki zinabaki za baridi mpaka Ruaha Mbuyuni.

Oto nayo inashuka Kitonga salama, lakini uitumie inavyotakiwa: zima O/D (ile gia ya juu kabisa ya safari), sogeza kwenye 2 pale panapozidi, usiiache kwenye D ukaning'inia kwenye breki. Nimeona magari yanatoa moshi kwenye rimu pale chini, na mengi dereva wake hakuwahi kuigusa ile herufi nyingine zaidi ya D.

Hesabu siku zako kwa uaminifu. Kama siku 25 za mwezi ni foleni na siku 2 ni safari, unanunua gari la zile 25. Jiulize pia nani mwingine ataliendesha. Gari ambalo mke au mume hawezi kulitoa getini usiku mtoto akiugua ni tatizo kubwa kuliko sekunde zozote za mbio.

Kitu kingine watu hawakifikirii ni siku ya kuharibika. Manyuali betri ikifa inasukumwa inawaka. Oto haisukumwi. Na Altezza ya oto, kwa kuwa inaendeshwa na tairi za nyuma, usiivute kwa kamba umbali mrefu tairi za nyuma zikiwa chini: pampu ya giaboksi inazungushwa na injini, injini ikizimwa giaboksi inazunguka bila kulainishwa. Ipandishe kwenye gari la kubebea.

Kuisikiliza manyuali

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja kwenye boneti. Likiwa la moto, kuna kitu kimefichwa, na mara nyingi ni gia zinazogoma asubuhi.

Washa, liache kwenye frii, sikiliza. Kanyaga klachi. Sauti ya kukwaruza ikianza ulipokanyaga, hiyo ni rilizi beringi, beringi ya kuachia klachi. Sauti ikiwepo wakati hujakanyaga na ikapotea ulipokanyaga, beringi iliyochoka iko ndani ya giaboksi yenyewe, na bei yake ni nyingine kabisa. Halafu achia klachi polepole uone inashikia wapi. Ikishikia juu kabisa mwa pedali, pleti ya klachi imebaki nyembamba kama karatasi.

Pleti ithibitishe barabarani. Ingia gia ya nne ukiwa kwenye kilomita 50 au 60 kwa saa, mahali penye kimlima ukipata, kanyaga mafuta mpaka chini. Mshale wa raundi na wa mwendo lazima ipande pamoja. Raundi zikiruka peke yake, klachi inateleza. Klachi peke yake isikukimbize, inabadilishwa. Punguza bei tu, na hesabu flaiwili (gurudumu zito la injini ambalo pleti hulishika) pia kwa sababu gari la spoti mara nyingi limeichoma.

Kinachonikimbiza mimi ni sinkro, zile ringi zinazolinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana. Shusha kutoka ya tatu kwenda ya pili ukiwa kwenye mwendo wa kawaida, bila kulazimisha, bila kupiga raundi kusaidia. Ikikwaruza, sinkro ya pili imekwisha. Gia ya pili ndiyo inayokufa kwanza kwa sababu ndiyo inayopigwa sana na vijana wa mbio. Kisha kwenye kila gia ongeza mafuta, achia ghafla. Gia ikirudi frii yenyewe, mshukuru mwenye gari, nenda nyumbani.

Kwa WRX ya gia 5 kuwa mkali zaidi. Meno ya gia zake hayapendi kuondoka kwa kuachia klachi ghafla kwenye raundi za juu, na tairi zote nne zikishika lami hakuna pa kuukimbizia ule mshtuko isipokuwa kwenye gia. Sikiliza mlio wa tik-tik unaofuata mwendo kwenye gia moja na kupotea kwenye nyingine. Hilo ni jino lililovunjika.

Angalia pia kama gari lilizaliwa manyuali. Magari mengi ya spoti yamebadilishwa kutoka oto, mengine vizuri, mengine kwa haraka. Kwa Toyota, fungua boneti utafute kibati chenye maandishi ya TRANS/AXLE. Altezza ya gia 6 inasoma J160. Kikisema kingine na ndani kuna pedali tatu, limefanyiwa kazi. Weka rivasi uone kama taa nyeupe za nyuma zinawaka. Mafundi wengi huisahau ile waya.

Kuisikiliza oto

Oto inaongea kidogo, ndiyo maana inadanganya zaidi. Iendeshe angalau nusu saa, ikiwezekana ndani ya foleni. Oto iliyochoka asubuhi inakuwa na adabu. Ikipata moto ndiyo inajitaja.

Injini ikiwa ya moto na inawaka, gari kwenye P mahali tambarare, vuta stiki ya oili ya giaboksi, kama gari linayo. Futa kwenye karatasi nyeupe. Wekundu ni afya, kahawia ni uzembe, weusi wenye harufu ya kuungua ni giaboksi nyingine. Gari likishapoa, fungua rejeta. Maji yakiwa na rangi ya waridi kama maziwa yenye rangi, kipoozeo cha oili kilicho ndani ya rejeta kimetoboka na maji yameingia kwenye giaboksi. Usinunue hata kwa bei ya kutupa.

Kanyaga breki, toka P kwenda R, halafu D. Inatakiwa ishike ndani ya sekunde moja hivi, bila kishindo. Barabarani, kwenye mwendo wa 60 hadi 80 ukikanyaga mafuta kidogo tu, gari likitetemeka kama linapita juu ya matuta madogo, kigeuza mvuto (torque converter, kinachounganisha injini na giaboksi) kinashindwa kujifunga. Kisha kanyaga mpaka chini: lazima ishuke gia na kuvuta, siyo kupiga kelele kwanza.

Taa pia zinasema. Toyota yenye taa ya O/D OFF huipepesa giaboksi ikiwa na hitilafu. Subaru za gia 4 hupepesa AT OIL TEMP mara 16 unapowasha. Kwa hiyo washa swichi kwanza, na kwa Toyota bonyeza kitufe cha O/D, uone kama taa hizo zipo. Zisipoonekana kabisa, huenda kuna mtu amezing'oa. Kwenye Subaru hiyo malizia kwa kukata usukani mpaka mwisho na kuzunguka polepole. Likigoma au kuruka-ruka, tazama tairi kwanza. Moja ikiwa na kipimo tofauti na nyingine, klachi ya kugawa mvuto kati ya tairi za mbele na za nyuma imekuwa ikiteswa.

Zile mbili za Jumamosi

Ya manyuali ilikuwa RS200 kweli, kibati kilisoma sawa, injini safi kama saa. Gia ya pili ikakwaruza mara tatu kati ya tano. Ya oto ilikuwa AS200, oili ya kahawia isiyo na harufu, imeshika R mara moja, na baada ya dakika 40 za foleni ya Ubungo haikubadilika tabia. Mdogo wangu anatoka Kimara kila siku na mkewe anaendesha oto tu.

Moyo wangu ulikuwa kwenye ile ya manyuali, na nilimwambia hivyo. Halafu nikamwambia alipie AS200.

Jumatatu tulikwenda kwa fundi Ilala. Nilimkataza kuisafisha giaboksi kwa mashine, kwa sababu oili mpya yote kwa mkupuo inaweza kung'oa uchafu uliotulia na kuupeleka kwenye vali. Tulifungua nati ya chini, tukaacha itoke yenyewe, tukaosha sampo (bakuli la oili la chini) na sumaku zake. Kwenye sumaku kulikuwa na unga laini wa kijivu, hakuna chembe ya chuma ya kushikika kwa kidole. Tukarudisha oili ileile iliyotajwa kwenye kitabu cha gari, kwa kipimo kilichotoka. Atarudia hivyo baada ya kilomita 1,000, na mara ya tatu baada ya nyingine 1,000.