Jinsi ya kuangalia nani kapata ruzuku ya kilimo Marekani, bila kumsingizia mtu

Wadau, watu wengi hawajui kwamba Marekani hela ya ruzuku anayolipwa mkulima sio siri, jina lipo, kiasi kipo, mwaka upo, na yeyote mwenye simu na bando anaweza kuchungulia hata kama hajawahi kukanyaga huko.

Anza na databesi ya EWG (Environmental Working Group). Hawa ni shirika lisilo la serikali, waliomba rekodi za malipo toka wizara ya kilimo, USDA, kwa kutumia sheria ya habari ya 1966 inayoitwa FOIA, wakazipanga mtandaoni, malipo yenyewe yanaanzia mwaka 1995. Unaingia farm.ewg.org, unachagua jimbo, unashuka mpaka kaunti, inakuja orodha kuanzia aliyevuna kikubwa. Kusachi kwa jina pia inakubali. Ukitaka kwenye chanzo chenyewe, Farm Service Agency, idara ya hiyo hiyo USDA, ndo walipaji, wana mafaili ya Excel kwenye tovuti yao, yanachosha macho lakini ndo rekodi za mlipaji mwenyewe.

Kupata jina ni rahisi, shughuli ipo kwenye kulisoma.

Angalia programu kabla hujaangalia kiasi. CRP kwa mfano ni kama kodi ya pango, serikali inamlipa mwenye ardhi aache kulima kipande fulani miaka 10 hadi 15, aweke nyasi au miti udongo usichukuliwe na maji. ARC na PLC ni programu zinazomlipa mkulima bei au mapato ya mazao yakishuka, na hapa ndo wengi wanapotea maboya, maana malipo yanafuata ekari za zamani zilizosajiliwa na sio ulichopanda msimu huu, kwa hiyo mtu anaweza kulipwa ya mahindi wakati shamba limejaa soya, na huo sio wizi, sheria ndo imeandikwa hivyo (kama ni sheria nzuri hayo ni mengine, mi naona imekaa kiajabu). Tena hela inatoka kuanzia Oktoba ya mwaka unaofuata, yaani ya mavuno ya 2022 unaikuta 2023. Na ukiona watu wa soya wamepanda ghafla 2018 na 2019, usishtuke, ni fidia ya ule ugomvi wa ushuru na China.

Halafu jina lenyewe. Riceland Foods ya Arkansas imekaa juu kabisa kwenye orodha za EWG na mtu akiona anapiga kelele "kampuni inakula hela za wakulima!", kumbe ni ushirika, hela inapita pale kwenda kwa wanachama. Upande wa pili kuna ubia, kikomo cha ARC na PLC kwa mtu mmoja kilikuwa dola 125,000 kwa mwaka, sheria ya 2025 ikakipandisha hadi 155,000, ila ubia wa watu wanne unahesabiwa vikomo vinne. Hapo ndo pa kuuliza maswali, hao wabia wanne shambani wanafanya nini hasa?

Na kutokuta jina haimaanishi mtu hajapata kitu. Bima ya mazao serikali inalipia zaidi ya nusu ya ada, lakini majina ya wanaonufaika hayatolewi, kwa hiyo kipande kikubwa cha ruzuku kipo gizani.

Ukikwama tuma ombi la FOIA mwenyewe kwa USDA. Usiandike "nataka kila kitu", taja kaunti, programu na miaka. Omba malipo, usiombe ramani za mashamba, maana kifungu cha 1619 cha sheria ya kilimo ya 2008 kinaficha taarifa za shamba lakini malipo kimeyaacha wazi. Wana siku 20 za kazi kujibu, wakikunyima una angalau siku 90 za kukata rufaa, na hiyo rufaa ni barua tu, huhitaji wakili.