Baiskeli, Mkeka na Mahamri: Namna ya Kupanga Matembezi ya Siku Moja Kutoka Malindi Hadi Gede

Agosti moja niliwapeleka shemeji zangu Mambrui kwa baiskeli. Kwenda tuliteleza tu. Daraja la Sabaki tulilivuka tukiimba, kila mtu anajiona bingwa. Kurudi ndipo tulipojua ni nani aliyekuwa akitusukuma. Upepo wa kusi, ule utokao kusini, ulitupiga usoni, mchanga ukaingia machoni, na yule shemeji mdogo akashuka akaikokota baiskeli yake bila kusema neno. Tulifika mjini isha imeshaadhiniwa. Siku hizi kabla ya kuuliza tunakwenda wapi, nauliza kwanza upepo unatoka wapi.

Hatua ya 1: Chagua upande kwa msimu

Toka ukiukabili upepo, urudi ukiwa mgongoni mwako. Asubuhi miguu ina nguvu na upepo wenyewe bado haujaamka vizuri. Alasiri miguu imechoka na upepo umekomaa, basi na ufanye kazi yake.

Kwa hiyo msimu wa kusi, hasa Julai hadi Septemba masika yakishapita, elekea kusini, njia ya Gede. Upepo wa kaskazi ukivuma, Desemba hadi Machi, ndipo uelekee kaskazini, njia ya Sabaki na Mambrui. Aprili na Mei mimi siendi popote. Mvua ikinyesha, udongo wa njia za shamba hunata kwenye bamba la matope hadi gurudumu linakataa kuzunguka.

(Ndugu zetu wa Lamu mtanisamehe. Vichochoro vyenu ni vya punda, na punda hatoboki tairi.)

Hapa nitaeleza safari ya Gede, kwenye magofu ya mji wa Waswahili. Kwa barabara ni kama kilomita 16 kutoka Malindi mjini. Mzoefu huimaliza kwa saa moja. Ninyi mna watoto, mkeka na chupa ya chai, basi hesabuni saa tatu za kwenda pamoja na kupumzika, na msione haya.

Hatua ya 2: Kagua baiskeli siku mbili kabla

Usikague usiku wa kuamkia safari, maana ukikuta kasoro fundi ameshafunga. Jaribu breki zote mbili. Zungusha kila gurudumu ukiangalia kama linayumba. Bonyeza spoki mbili mbili kwa vidole: iliyolegea utaijua, inalala. Kengele iwepo, na taa pia hata kama mmepania kurudi mapema.

Adui mkubwa wa njia zetu ni mbigili. Ni kimmea kidogo kinachotambaa chini na kuzaa mwiba wenye pembe, na hata uangukeje, pembe moja hutazama juu. Bebeni tyubu moja ya akiba kwa kila aina ya gurudumu mliyo nayo, pampu, vipande viwili vya chuma vya kubandulia tairi, msasa, viraka na ile gundi mafundi wanayoiita solusheni.

Kuziba pancha kila mtu anadhani anajua. Toa tyubu, ijaze upepo, ipitishe kwenye maji au uiweke karibu na shavu usikie panapovuja. Pasugue kwa msasa, paka solusheni, halafu *ngoja*. Watu hubandika kiraka gundi ikiwa bado mbichi, kikang'oka mbele ya safari. Subiri hadi ukiigusa kwa kidole haishiki tena, ndipo ubandike na kukandamiza. Kabla ya kurudisha tyubu, pitisha kidole polepole ndani ya tairi lote. Mimi niliwahi kuziba tyubu moja mara tatu kwa asubuhi moja, na mara zote mwiba uleule ulikuwa umekaa ndani ya tairi unanisubiri.

Hatua ya 3: Chakula kinachostahimili joto

Hapa ndipo safari nyingi huharibika, na hasa kwa ajili ya nazi. Mbaazi za nazi ni tamu, nani atabisha? Lakini tui halivumilii jua. Ukizibeba kwenye kopo kuanzia alfajiri, kufikia adhuhuri zimechacha. Mbaazi kuleni nyumbani kabla ya kutoka. Chatini ya nazi iacheni, chukueni ya ukwaju.

Vitu vinavyosafiri vizuri: mahamri, yakae kwenye kikapu kilichofunikwa kitambaa, maana kwenye kopo lililofungwa hutoka jasho na kulowa. Mayai ya kuchemsha na maganda yake, na chumvi na pilipili manga kwenye karatasi. Katlesi na viazi vya karai vilivyoachwa vikapoa kabisa kabla ya kufungwa. Kashata kwa watoto. Maembe yasiyoiva sana, na kisu. Nyanya na vitunguu vibebwe vizima, kachumbari ikatwe hukohuko.

Maji, lita mbili kwa kila mtu mzima. Mimi hugandisha chupa mbili za juisi ya ukwaju usiku, nazifunga ndani ya leso kuukuu na kuziweka chini ya kikapu. Saa sita mchana bado zina barafu katikati.

Mzigo ufungwe kwenye keria kwa utepe wa tyubu iliyokufa. Hakuna kamba inayoushinda: unavutika, unabana, na njiani unaweza kuwa kiraka. Mkeka ukunjwe ulale kwa urefu wa baiskeli. Ukiuweka kukingama utampiga mwenzako mtakapopishana.

Vyombo viwe vya kurudi navyo nyumbani. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu 2017, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi ndani ya hifadhi na misitu.

Hatua ya 4: Saa na njia

Tokeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mkiahirisha hadi saa mbili, jua litawakuta njiani na lori zitakuwa zimeamka. Barabara kuu ya Mombasa ina matatu yasiyojua subira. Endesheni kushoto, mstari mmoja, mtu mzima mbele na mwingine nyuma, watoto katikati. Ukishaupita uwanja wa ndege, waulize vijana wa bodaboda njia za ndani zinazopita mashambani. Wao ndio ramani ya kweli, wanajua ipi ina mchanga mzito wiki hii. Swali liwe wazi: "Baiskeli yenye mtoto nyuma inapita?" Ukiuliza tu kama kuna njia, utaambiwa ipo.

Mkiingia mchanga mwingi, punguzeni upepo kidogo kwenye matairi, msipinde usukani ghafla, na mtu akishindwa ashuke. Mkirudi kwenye lami jazeni tena.

Hatua ya 5: Vituo

Cha kwanza kiwe baada ya nusu saa tu, na hapo hakuna kula. Kazeni mizigo, maana lazima kuna kikapu kilichoinama, na sikilizeni baiskeli inayolia.

Cha pili ni cha chai. Tafuteni mwembe au mkanju wenye kivuli kipana. Chini ya mnazi msikae, hata kama picha itapendeza: nazi ikianguka haisemi samahani. Angalieni chini kama kuna siafu kabla ya kutandika. Na mti una mwenyewe hata kama hamuoni ua, kwa hiyo pigeni hodi kwenye nyumba ya karibu, msalimieni mzee, mwelezeni mnapumzika kidogo tu. Sijawahi kukatazwa. Mara nyingi kijana hupanda kuwaangulia madafu. Uliza bei kabla hajapanda, na ulipe bila kuvutana.

Cha tatu ni Gede yenyewe. Magofu haya ya mji wa Waswahili, wenye msikiti mkuu, jumba la kifalme na visima vyake katikati ya msitu, yaliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2024. Fungeni baiskeli, lipeni kiingilio, zungukeni taratibu. Chakula kibaki kimefungwa, kwa sababu kima wa Gede wanakijua kikapu kuliko mwenye kikapu. Nilimwona mmoja akishuka ukutani, akachagua ndizi, akayaacha mayai, akarudi juu kumenya mbele ya mwenyewe. Chakula cha mchana tandikeni nje, mbali na msitu.

Kisha laleni. Kweli kabisa, tandika mkeka ulale. Anayetaka kuswali adhuhuri, msikiti haukosi Gede. Kati ya saa sita na saa tisa hakuna sababu ya kuwa juu ya baiskeli.

Hatua ya 6: Kurudi

Swalini alasiri, jazeni maji, pandeni. Saa kumi kusi liko mgongoni, na hata mtoto aliyenuna atasahau alichonunia. Jua huzama karibu na saa kumi na mbili na nusu, basi mna nafasi ya kusimama tena kwa kahawa na kashata zilizobaki, ila taa ziwe tayari.

Nyumbani, kabla hujaoga, futa mnyororo kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, ukaushe, utie matone machache ya mafuta ya cherehani. Chumvi na mchanga wa Pwani vikilala humo usiku mmoja, asubuhi utaukuta umeanza kutu.