Jinsi ya kumpima mrushaji wa besiboli bila kuangalia ushindi tu

Kwanza achana na hesabu ya kashinda ngapi kapoteza ngapi, ile inategemea sana wenzake wamefunga ranzi (pointi) ngapi siku hiyo. Mcheki Jacob deGrom wa New York Mets 2018, alishinda 10 akapoteza 9, ukisoma hivyo tu unasema huyu wa kawaida, kumbe ERA yake (wastani wa ranzi anazoruhusu, ikiwa ndogo ndo bora) ilikuwa 1.70 na tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa ligi yake, akabeba yeye.

Anza na ERA basi, yaani ranzi anazoruhusu kwa kila iningi 9 (iningi ni duru ambayo kila timu inapata zamu ya kupiga, mechi ya kawaida ina 9), zile za makosa ya wadakaji, yaani wenzake uwanjani, hazihesabiwi, ila usiiamini mzima mzima maana wadakaji wazito wasioufikia mpira bado wanaiharibu. Mi naangalia zaidi straikauti (mpigaji katolewa kwa straiki tatu) dhidi ya besi za bure (mpigaji kapewa besi ya kwanza kwa mipira minne mibovu), hapo ni yeye na mpigaji tu, hamna wa kumbeba wala kumwangusha. deGrom mwaka ule straikauti 269, besi za bure 46, hatari sana! Ukiongeza na homrani alizopigwa (mpira unaopigwa hadi nje ya uwanja) ndo unaielewa FIP, kipimo cha mrushaji bila kuhesabu kazi ya wadakaji, nayo inasomwa kama ERA.

Halafu cheki karusha iningi ngapi, ERA tamu ya iningi 20 usiishangilie bado, ni chache mno.