Somo: Kuifuata safari ya Just A Band kwa masikio na macho

Wengi wanawajua Just A Band kwa video moja tu, na hilo linaniuma, maana bendi hii ya Nairobi ilifyeka njia ambayo vijana wengi wa muziki mbadala Kenya wanaipita hadi leo. Fuata mpangilio huu.

Hatua ya 1. Wajue wenyewe. Bill Sellanga (Blinky Bill), Dan Muli na Jim Chuchu walikutana Chuo Kikuu cha Kenyatta na kuanzisha kundi mwaka 2003. Mbithi Masya naye alikuwa mwanachama. Hawakuwa wanamuziki pekee. Walibuni picha na kutengeneza video zao wenyewe. Lishike hilo, utalihitaji mbele.

Hatua ya 2. Anza na albamu ya Scratch to Reveal (2008), tena kwa hedifoni. Enzi hizo genge na kapuka, mitindo ya rap na muziki wa dansi wa vijana, ndizo zilizotamba Nairobi, nao wakaja na midundo ya elektroniki na fanki. "Iwinyo Piny" isikilize mara mbili: kwanza fuata mdundo, kisha sauti za waimbaji.

Hatua ya 3. Hapa kaa sana. Albamu yao iitwayo "82" (2009) ndiyo moyo wa kazi yao. Pitia "Usinibore" kwanza, halafu tazama video ya "Ha-He" iliyotoka Machi 2010. Imepigwa kwa mtindo wa filamu za Wamarekani weusi za miaka ya 1970, na shujaa wake ni Makmende, mwenye afro na mkono mwepesi wa kupigana. Wakenya wakamdaka: vichekesho vikafurika Twitter, watu wakamtengenezea majalada ya magazeti, hata noti zenye sura yake. Hadi CNN ikaripoti. Kwangu mimi, siku zile ndipo Wakenya walipotambua kwamba intaneti ni uwanja wao pia.

Hatua ya 4. Albamu ya Sorry for the Delay (2012). Isikilize nzima bila kuruka wimbo.

Hatua ya 5. Usiishie kwenye albamu. Chuchu aliondoka kwenye bendi, akaongoza Stories of Our Lives (2014), filamu kuhusu wapenzi wa jinsia moja iliyopigwa marufuku Kenya. Masya akaongoza filamu ya Kati Kati (2016), ikapata tuzo ya FIPRESCI, shirikisho la kimataifa la wahakiki wa filamu, kwenye tamasha la filamu la Toronto. Blinky Bill akatoa albamu yake mwaka 2018. Ukizitazama kazi hizi baada ya hatua ya 3, utaona jicho ni lilelile.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, Makmende walimbuni wao?
Jibu: Hapana, ndugu yangu. Watoto wa Nairobi wa miaka ya 1990 walikuwa wakimwita hivyo yeyote anayejifanya jabali. Bendi ilimpa sura.

Swali: Mimi ni shabiki wa kundi la Sauti Sol. Nitawapenda hawa?
Jibu: Inategemea unachokipenda kule. Kama ni sauti zinazopangana na gitaa, hapa utakuta kompyuta nyingi zaidi. Jaribu "Usinibore" kabla hujaamua.

Swali: Bando langu ni dogo. Nitazame video ipi?
Jibu: "Ha-He", dada. Nyingine zisubiri hadi upate Wi-Fi, ila hiyo usiisikilize bila picha.