Kabla ya semina, kaa naye mezani siku moja

Dada zangu mnaowalea wanawake wanaoanza biashara hapa Dodoma, jaribuni hili. Nenda ukakae naye kwenye meza yake, iwe soko la Majengo au la Sabasaba, tangu anafungua mpaka anafunga. Andika kila shilingi inayotoka kwenye kopo lake la pesa, hata ile ya nyanya za nyumbani.

Tuseme anakaanga karanga. Atakwambia: nimenunua kwa 30,000, nimeuza 42,000, faida 12,000. Muulize taratibu: mkaa je? 4,000. Vifuko? 1,500. Bodaboda iliyoleta mzigo? 2,500. Mwache ajumlishe mwenyewe, kwa sauti, wewe usimshikie kalamu. Atafika 8,000 na kunyamaza kidogo. Zimebaki 4,000, na bado hajajilipa kwa kuinama jikoni tangu alfajiri. Ukimya ule una thamani kuliko siku tatu za semina, kwa hiyo usiuharakishe.

Baada ya hapo tafuteni makopo mawili, la mtaji na la nyumbani. Mama mkwe akiomba ya chumvi, itoke kwenye la pili.

Mkopo uje baadaye. Ule unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambamo asilimia 4 ni za wanawake, hauna riba, lakini unarejeshwa na unaombwa kwa kikundi. Akishajua faida yake halisi ya wiki, mpeleke kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Atajua mwenyewe aombe kiasi gani.