Bakuli Tupu Si Ushahidi: Namna ya Kumwachia Mtu Paka Wako Ukisafiri

Kwa siku sita nilipokea kila jioni ujumbe uleule: "Wamekula, mabakuli yako tupu." Nami nikalala usingizi wangu huko ugenini bila wasiwasi. Niliporudi, Bonge, mmoja wa paka wangu wawili, alinipokea mlangoni tumbo likimtangulia. Chausiku nilimkuta mvunguni mwa kitanda, mgongo umechongoka, na ndani ya masikio ngozi imeingia umanjano. Mabakuli yalikuwa tupu kweli, ila Bonge ndiye aliyekuwa akiyamaliza yote mawili. Kijana niliyemwachia kazi hakunidanganya hata siku moja. Nilimlipa ajaze mabakuli, akayajaza.

Daktari wa mifugo alinieleza jambo ambalo kila mwenye paka angepaswa kulijua kabla ya kufunga begi. Paka akikaa siku mbili tatu bila kula, mwili huanza kuyeyusha akiba yake ya mafuta, mafuta yale yanakwenda kurundikana kwenye ini, na ini linaweza kushindwa kazi. Walio wanene ndio walio hatarini zaidi, na Chausiku nilimwacha akiwa mnene kidogo. Alipona kwa dripu na kulishwa uji wa dawa kwa bomba la sindano, siku nyingi, kwa gharama iliyozidi safari yenyewe. Tangu hapo nimebadilisha kile ninachokilipia. Simlipi mtu kulisha. Namlipa kuangalia.

Kwanza amua paka atakaa wapi. Mimi msimamo wangu ni nyumbani kwake, na siyumbi sana. Mbwa humfuata mtu. Paka kwa sehemu kubwa ameshikamana na mahali, harufu zake na vichochoro vyake. Ukimhamishia kwa rafiki, siku za mwanzo atajificha, huenda asile, na mlango ukiachwa wazi dakika moja atatoka kutafuta nyumba asiyojua iko upande gani. Ikibidi ahamishwe, basi afungiwe chumba kimoja tu mwanzoni, na aende na blanketi lake ambalo halijafuliwa. Ndiyo, halijafuliwa. Harufu ndiyo unayoipeleka.

Nyumba za kulelea paka zina nafasi yake: fundi anabomoa ukuta kwako, au paka ana kisukari na anahitaji sindano kila baada ya saa 12 na huna mtu mwenye mkono wa kuaminika. Nenda ukaione kabla. Vuta pumzi ukiingia. Mkojo wa jana una harufu tofauti na wa leo. Tazama kama paka wa familia mbalimbali wanapumuliana usoni, maana mafua ya paka husambaa kwa chafya na kwa mikono ya anayewahudumia. Halafu subiri wakuulize kadi ya chanjo. Wasipouliza, geuza, kwa sababu hawajamwuliza mwenye paka wa kizimba cha jirani pia. Chanjo yenyewe isiwe ya jana yake. Mpe mwili angalau wiki mbili za kujenga kinga.

Akibaki nyumbani, mtu aje mara ngapi? Mara moja kwa siku ndicho kiwango cha chini kabisa, hata kama unalala nje usiku mmoja tu na umeacha mlima wa chakula. Mara mbili ni bora, na kwa paka mgonjwa, mzee au mtoto ni lazima. Kuna mashine za kumwaga chakula kwa saa, ninayo moja, inafanya kazi vizuri mpaka betri zife au kipande kimoja kikwame kooni mwake. Lakini mashine haikwambii kwamba paka ametapika. Hasa kwa paka dume, kuna ugonjwa ambao njia ya mkojo huziba: anakwenda kwenye mchanga wake wa choo, anachuchumaa, anasukuma, analia, hakitoki kitu. Huyo ni wa kupelekwa kwa daktari saa ileile, usiku au mchana. Ukimwachia siku mbili na mashine yako, unaweza kurudi kuzika.

Sasa mtu mwenyewe. Jirani, mpwa, mwanafunzi, mlezi wa paka wa kulipwa, wote wanafaa au hawafai kwa sababu zilezile. Mwite nyumbani siku chache kabla, mpe kitu cha kunywa, kisha nyamaza. Anayemrukia paka na kumbeba, simtaki. Anayekaa chini akamsubiri paka aje kumnusa, huyo tunaweza kuzungumza. Na anayeniuliza maswali kuliko ninavyomwuliza, huyo nimekwisha kumwajiri moyoni. Aliye nami sasa, Dada Zuhura kama nimwitavyo, swali lake la kwanza lilikuwa: "Kwa kawaida anajificha wapi?" Sijawahi kuulizwa swali la maana zaidi ya hilo. Paka mwenye maumivu hujificha, na paka mwoga naye hujificha. Usipojua pa kutazama utatoka ukidhani umewaona wote.

Ukimpata, lala nje usiku mmoja kabla ya safari kubwa. Ni jaribio la ufunguo, la paka na la mtu kwa pamoja. Mimi jaribio hilo lilinifunulia kwamba kufuli langu linahitaji mlango uvutwe kwanza, jambo nililolifanya miaka mingi bila kujua nalifanya. Funguo ziwe mbili kwa watu wawili. Wa pili ni yule atakayeshika kazi Dada Zuhura akiugua, naye awe amekwisha kuwaona paka, asije kama mgeni siku ya mkosi.

Tuje kwenye pesa, maana hapo ndipo watu waungwana huingiwa na haya. Ninalipa hata ndugu. Zawadi ya kurudi nayo safarini ni jambo jema, lakini uliyempa zawadi huwezi kumwuliza mbona jana hukuja. Uliyemlipa ujira mnaulizana bila kuvunjiana heshima.

Ninalipa kwa ziara, si kwa siku. "Siku" kwa mmoja ni kuja asubuhi na jioni, kwa mwingine ni kuchungulia mlangoni. Ziara kwetu ina maana iliyoandikwa: nusu saa, paka wote wawili waonwe kwa macho, chakula, maji, mchanga, ripoti. Tukikubaliana ziara 12, basi hesabu iko wazi hata kwa mtoto. Paka wa pili haongezi bei mara mbili kwa sababu safari ya kuja ni ileile, anaongeza kidogo. Dawa ya kumeza inaongeza, kwa sababu kumwingiza Bonge kidonge ni mieleka. Sikukuu inaongeza: ikiwa ziara ya kawaida ni kumi, ya sikukuu naihesabu kumi na tano, na ninaitaja mwenyewe kabla sijaombwa. Nauli naiweka mbali na ujira.

Natanguliza nusu kama arbuni tunapokubaliana tarehe, nusu nyingine siku ninayorudi. Safari ikizidi wiki mbili namlipa kila wiki, kwa kuwa si haki mtu anikopeshe mwezi mzima. Nikivunja safari zikiwa zimebaki siku chini ya mbili, arbuni ni yake; amekwisha kukataa kazi nyingine kwa ajili yangu. Akivunja yeye, anairudisha. Haya yote yamo kwenye ujumbe mmoja wa simu aliouandikia "nakubali". Mkataba wa mhuri hauhitajiki, ila maneno ya mdomo baada ya mwezi kila mtu huyakumbuka anavyopenda.

Kosa nililolifanya zamani lilikuwa kumpa mtu fungu moja na kumwambia "zikitokea dharura tumia humo humo." Fikiria uko mahali pake. Paka anasuasua, huna hakika, na kila senti utakayompelekea daktari unaiona ikitoka kwenye ujira wako. Utasema tusubiri kesho. Kwa hiyo pesa ya daktari ikae peke yake: bahasha nyingine, au bora zaidi, uiache kliniki kwa jina la paka. Mimi huenda kliniki kabla ya safari na kuacha barua: fulani ana ruhusa ya kumleta paka wangu, mtibuni mpaka kiasi hiki bila kunisubiri, zaidi ya hapo nipigieni, msiponipata mpigieni fulani. Kisha lile swali gumu unalijibu mwenyewe ukiwa umetulia: ikiwa hali ni mbaya na sipatikani, nani aamue paka apumzishwe asiteseke zaidi? Usimwachie mlezi mzigo huo. Mtu hulipwa kulisha na kuangalia. Hilo hakuna ujira wake.

Chakula na mchanga nanunua mwenyewe, siku tatu zaidi ya urefu wa safari, kwani magari huharibika na ndege huchelewa. Usibadilishe aina ya chakula wiki hiyo. Matumbo ya paka hayapendi mageuzi.

Mlangoni mwa friji nabandika karatasi. Zamani niliandika "kikombe kimoja kimoja", nikagundua kila mtu ana kikombe chake. Sasa inasomeka hivi:

"Chausiku: gramu 25 za chakula kikavu asubuhi, 25 jioni, CHUMBANI, mlango umefungwa. Bonge: hivyo hivyo, JIKONI. Subiri dakika 20, kisha ondoa mabakuli, pima kilichobaki. Chausiku akikataa mara moja, nipigie. Akikataa siku nzima, mpeleke, usiningoje. Mchanga: hesabu madonge ya mchanga ulioganda kwa mkojo. Bonge asipokuwa na hata moja, chungulia anavyochuchumaa, piga simu kliniki. Wakikimbia kukuona, kaa chini, soma gazeti, watakuja. Mlango wa nje: begi lako liweke chini kwanza, ndipo ufungue."

Mstari wa mwisho ni wa Bonge, ambaye huona mikono iliyojaa mizigo kama mwaliko.

Siombi picha ya bakuli tena. Naomba picha ya kila paka kichwa kikiwa ndani ya bakuli lake, na idadi ya madonge. Dada Zuhura huongeza neno lake, "Chausiku leo kanikoromea," na neno hilo linanituliza kuliko "wote wazima" kumi, kwa sababu hulipati mpaka uwe umemsogelea.

Kabla ya kutoka zunguka nyumba kwa macho ya mhalifu. Nyuzi, riboni na sindano za kushonea ziingie kwenye droo. Uzi uliomezwa unaweza kukata utumbo. Maua ya yungiyungi (lily) yatoke nyumbani kabisa: chavua aliyoilamba manyoyani, au maji ya chombo chake, yanatosha kuua figo za paka. Mwambie mlezi waziwazi kwamba paka hapewi dawa ya maumivu ya binadamu, parasetamoli ikiwa ya kwanza, wala dawa ya viroboto ya mbwa; nyingi zina permethrini, sumu ya wadudu, nayo huua paka. Watu huzitoa kwa huruma. Milango ya vyumba izuiwe kwa kitu kizito isijifunge na upepo, isijekuwa paka upande huu na mchanga upande ule. Na mlezi akiwa mjamzito, mtafute mwingine wa kushika mchanga, au avae glavu, anawe mikono na ausafishe kila siku bila kuruka. Vimelea vya toksoplazima kwenye kinyesi cha paka, vinavyoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, huhitaji siku moja au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo mchanga wa leo una nafuu kuliko wa juzi.

Siku ya kuondoka usifanye sherehe ya kuaga. Begi nalitoa kabatini siku tatu kabla, wakalale juu yake, likome kuwa habari. Kisha nawapa chakula, natoka.

Nikirudi, Dada Zuhura hupata ujumbe kwamba nimeingia ndani ya nyumba, si kwamba niko njiani. Mpaka hapo ziara bado ni zake. Namlipa nusu iliyobaki siku hiyohiyo, tunapitia risiti kama zipo, nachukua ufunguo au namwachia hadi safari nyingine. Ndipo natoa mizani ya bafuni. Napanda mwenyewe, nashuka, napanda na Bonge, natoa. Halafu Chausiku. Safari iliyopita nilimwacha na kilo 4.3, nikamkuta na 4.3. Bonge alikuwa amepungua gramu 200, akanikazia macho mpaka saa ya chakula.