Namna ya kuipima shule ya kimataifa kabla hujalipa ada

Neno "kimataifa" kwenye bango la shule halina mwenyewe. Shule inayofuata mtaala wa taifa kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho inaweza kujiita hivyo, na nyingi zinajiita. Kwa hiyo usianze na bwawa la kuogelea wala Kiingereza cha pua cha dada wa mapokezi. Kinachoitenga shule ya kimataifa ya kweli ni jinsi kazi ya mtoto inavyosahihishwa, na hilo unaweza kulikagua kwa macho yako ndani ya asubuhi moja, mradi unajua pa kutazama.

Kibali kwanza

Huku kwetu mitaala miwili ndiyo imeshika: ule wa Baccalaureate ya Kimataifa, yaani IB, taasisi iliyoanzishwa Geneva mwaka 1968, na ule wa Cambridge wa Uingereza. Kila taasisi ina orodha ya shule zake kwenye tovuti. Tafuta jina la shule humo kabla hujapoteza mafuta ya gari.

Kwa IB, jina pekee halitoshi, kwa sababu kibali hutolewa kwa kila programu peke yake. Kuna PYP ya watoto wa miaka 3 hadi 12, MYP ya miaka 11 hadi 16, na Diploma, ambayo shuleni wanaiita DP, ya miaka 16 hadi 19. International School of Tanganyika ya Dar es Salaam na UWC East Africa ya Moshi na Arusha zina zote tatu. Nyingine zina moja tu, kisha sekondari yao ni Cambridge au NECTA, yaani mitihani ya baraza la taifa la Tanzania. Hilo si kosa, lakini ujue unanunua nini. Ukijibiwa "tuko kwenye mchakato", maana yake shule imeomba na haijapewa. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kuvumilia mchakato. Wa DP hawezi, kwa sababu shule isiyo na kibali haisajili mtahiniwa.

Omba kazi iliyosahihishwa

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Mwambie mwalimu mkuu akuonyeshe ripoti ya jaribio la sayansi ya mwanafunzi wa miaka 15 au 16, jina likiwa limefunikwa. Shule inayojiamini haitasita.

Tuseme ni jaribio la osmosisi, yaani maji kupenya utando wa seli: vipande vya kiazi mbatata vya urefu mmoja vimelowekwa kwenye maji yenye chumvi ya viwango vitano tofauti, vikapimwa uzito kabla na baada ya nusu saa. Katika mfumo tuliosoma wengi wetu, mwalimu huandika hatua ubaoni, wanafunzi wananakili, na alama zinatoka kwa aliyepata jibu linalotarajiwa. Kwenye MYP mwanafunzi ndiye anayetunga swali, anaandika anachotegemea kitokee na kwa nini, anasema atabadilisha nini (kiwango cha chumvi), atapima nini (uzito) na atazuia nini kisibadilike (ukubwa wa kipande, muda, joto la maji). Kiazi kikikataa kufuata nadharia hakimpunguzii alama. Zinapungua akishindwa kueleza kwa nini kimekataa.

Sasa tazama kalamu ya mwalimu. Kila somo la MYP lina vigezo vinne, A hadi D, na kila kimoja kina alama 8. Kwenye sayansi, A ni maarifa, B ni kuuliza na kubuni uchunguzi, C ni kuchakata data na kuitathmini, D ni kutafakari athari za sayansi kwa maisha ya watu. Ngazi hupanda mbili mbili na kinachozitofautisha ni kitenzi. Kwa swali la utafiti, aliyelitaja tu yuko kwenye 1 au 2. Aliyeligusia kwa muhtasari, 3 au 4. Aliyelielezea vizuri, 5 au 6. Aliyelifafanua pamoja na sababu zake, 7 au 8. Mwalimu anayejua kazi yake atakuwa ameweka alama, amepigia mstari ngazi aliyofikia mtoto, na ameandika sentensi moja au mbili zinazosema kinachokosekana: "Umesema uzito utapungua, hujasema maji yanatoka upande gani wa utando na kwa nini." Ukikuta vema nyekundu, neno "Good" na 68%, basi unachoonyeshwa ni mfumo wa zamani uliovalishwa koti.

Dalili nyingine ni nafasi darasani. Ripoti ya IB haisemi mtoto amekuwa wa 4 kati ya 28. Ikisema, uliza inatoka wapi.

Wazazi wengi hukwama kwenye hesabu za ripoti. Alama za vigezo vinne hujumlishwa hadi 32, kisha hugeuzwa kuwa daraja la 1 hadi 7: kuanzia 28 ni 7, 24 hadi 27 ni 6, 19 hadi 23 ni 5, 15 hadi 18 ni 4. Mtoto mwenye 5, 6, 5 na 6 ana 22, kwa hiyo ana 5. Usiigeuze hiyo 5 kuwa asilimia 71 ukaanza kutafuta mwalimu wa tuisheni. Atakuja, atamkaririsha majibu, na mtoto atapanda kwenye kigezo A peke yake huku vitatu vikibaki palepale. Kinachosaidia ni karatasi ya vigezo kuwa mezani nyumbani kabla kazi haijaanza, na mtoto aulizwe: hapa wanataka utaje, au utoe sababu?

Cambridge

Hapa ugeni ni mdogo kwa mzazi wa Tanzania au Kenya, kwa kuwa uzito bado uko kwenye mtihani wa mwisho. IGCSE, cheti chao cha sekondari, ni kozi ya miaka miwili, madaraja A* hadi G. Mtego uko kwenye ngazi. Baadhi ya masomo, Hisabati ikiwemo, yana karatasi za Core (msingi) na za Extended (juu), na anayefanya Core hawezi kupita C hata akijibu kila swali sawasawa. Wapo wazazi wanaoligundua hilo matokeo yakishatoka, wakati mtoto anatafuta nafasi ya A-Level ambako shule nyingi zinataka B au zaidi. Uliza kwa maandishi, kila muhula, mtoto amewekwa ngazi gani na ni lini mwisho wa kubadilisha.

Na usimhamishe mtoto katikati ya miaka hiyo miwili. Hata mtaala ukiwa uleule, shule hupanga mada kwa mfuatano wao, na mara nyingine huchagua kitabu tofauti cha fasihi au kipindi tofauti cha historia.

Diploma, na suala la udaktari

DP ni masomo sita kwa miaka miwili. Matatu, au manne, husomwa kwa kina, ngazi ya HL, saa 240 kila moja; yaliyobaki ni SL, ngazi ya kawaida, saa 150. Kila somo lina alama 7, jumla 42. Nyingine 3 zinatoka kwenye insha ndefu isiyozidi maneno 4,000 na somo la Nadharia ya Maarifa. Ndiyo maana kilele ni 45. Cheti kinaanzia 24, ila kuna masharti mengine: HL tatu zifikishe alama 12, pasiwe na 1 kwenye somo lolote, na ile programu ya ubunifu, michezo na huduma kwa jamii, CAS, iwe imekamilika. CAS haina alama hata moja, lakini bila hiyo hakuna diploma. Wanafunzi wazuri huidharau hadi miezi ya mwisho, kisha wanakimbizana na picha na tafakuri za kujazia.

Sasa udaktari. Masomo sita lazima yatoke kwenye makundi: lugha ya kwanza, lugha ya pili, sayansi ya jamii, sayansi, hisabati, na sanaa. Nafasi ya sanaa inaruhusiwa kujazwa na somo la kundi jingine, hivyo kwa kawaida mwanafunzi anapata sayansi mbili. Vyuo vya Tanzania, kwa shahada ya udaktari wa binadamu, vinataka Fizikia, Kemia na Biolojia, zote tatu. Mtoto anaweza kumaliza na alama 38, akakubaliwa ng'ambo, na nyumbani akakosa sifa.

Dawa ipo, lakini inanyweka mapema tu. Mratibu wa DP wa shule anaweza kuiomba IB iruhusu mpangilio usio wa kawaida, akiambatisha ushahidi wa masharti ya chuo. Likikubaliwa, sayansi ya tatu inachukua nafasi ya somo la kundi jingine. Ombi hilo liandaliwe kabla masomo hayajaanza, maana baada ya muhula mmoja mtoto tayari amekosa maabara za muhula mzima. Kama mratibu hajawahi kulisikia jambo hili, fikiria A-Level ya Cambridge, ambako mchepuo wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) hauhitaji ruhusa ya mtu.

Kwa uhandisi, mtego ni Hisabati. DP ina kozi mbili, AA (Analysis and Approaches) na AI (Applications and Interpretation). AA ndiyo yenye kalkulasi na aljebra nzito. AI imeegemea takwimu na matumizi. Kozi nyingi za uhandisi zinataka AA, tena ya HL. Mtoto asichague AI kwa kuwa rafiki zake wamesema ni nyepesi.

Kuhama kutoka shule zetu

Kidato cha nne kinamaliza mtihani Novemba, DP inaanza Agosti. Miezi hiyo minane ndiyo mali. Anayeingia kutoka NECTA mara nyingi yuko vizuri kwenye maarifa. Anapoangukia ni uandishi unaotaja vyanzo. Amezoea kwamba kunakili kitabu ndiko kujibu vizuri, na huku kunakili bila kutaja kunaweza kumfutia somo zima. Mzoeshe insha moja ya maneno 500 kila wiki, yenye vyanzo visivyopungua vitatu, vikiwemo viwili vinavyopingana, na aseme anaegemea upi na kwa nini. Wiki za mwanzo zitakuwa mbaya. Kufikia ya kumi utaona tofauti.

Kiswahili usikiache kife. Cambridge wana IGCSE ya Kiswahili. Kwenye DP mtoto anaweza kusoma fasihi ya Kiswahili kama lugha ya kwanza, hata kwa kujisomea chini ya usimamizi wa shule katika ngazi ya SL kama mwalimu hayupo. Akifanya hivyo pamoja na Kiingereza cha kiwango hichohicho na kufaulu vyote, anapata diploma ya lugha mbili. Shule nyingi hazilitaji mpaka uulize.

Akimaliza na kutaka chuo cha Tanzania, vyeti vyake vitahitaji ulinganifu wa NECTA. Matokeo ya DP ya Mei hutoka mwanzoni mwa Julai na dirisha la udahili halimsubiri mtu, kwa hiyo akaunti ya maombi na nakala za vyeti vya nyuma ziwe tayari Juni.

Swali la mwisho kwa mwalimu mkuu

Walimu wengi wa kigeni huanza kwa mkataba wa miaka miwili. DP nayo ni miaka miwili. Uliza mwalimu wa Kemia, au wa somo lolote ambalo mtoto wako atalichukua HL, amebakiza muda gani kwenye mkataba wake. Kwenye sayansi, uchunguzi binafsi wa mwanafunzi unabeba asilimia 20 ya alama, unasahihishwa na mwalimu huyohuyo, kisha IB inapitia sampuli na inaweza kuzishusha alama za darasa zima ikiona amekuwa mkarimu. Mwalimu akiondoka katikati, anayekuja anarithi uchunguzi asiousimamia. Basi uliza pia: sampuli za mwaka jana zilirudi zikiwa zimeshushwa, au zilibaki?